Kazi huanzia moyoni kabla ya kufika mikononi

Mpenzi msomaji, kesho ni Jumatatu. Huenda unasoma ukurasa huu ukiwa umeketi baada ya chakula cha mchana, watoto wakicheza uani na redio ikilia kwa mbali. Lakini wapo wengi miongoni mwenu ambao jua likianza kuteremka, furaha ya Jumapili nayo huanza kuwatoka. Tumbo husokota. Chai haishuki. Ukimwuliza mtu huyo ana nini, atakwambia ni uchovu tu. Si uchovu. Ni kazi ya kesho.

Ndiyo maana wiki hii ningependa tuzungumze juu ya moyo ambao mtu huenda nao kazini, na jinsi moyo huo unavyoweza kuijenga kazi yake au kuibomoa.

Simama kando ya barabara ya Namanga mjini Kitengela saa kumi na moja alfajiri, siku yoyote ya kazi. Makanga wanaita abiria wa Nairobi, na kila mmoja anataka kuwahi kabla ya foleni ya magari kukaza kule Athi River na Mlolongo. Vijana wa bodaboda wamepanga pikipiki zao wakisubiri. Mama mboga anashusha magunia ya sukuma wiki. Na gizani, makundi kwa makundi, wanaume kwa wanawake wanakwenda kwa miguu kuelekea viwanda vya EPZ vya Athi River, vilivyotokana na sheria iliyopitishwa mwaka wa 1990. Wengine wana kazi ya kudumu. Wengine ni vibarua ambao hawajui kama leo watachukuliwa langoni au watarudi nyumbani mikono mitupu.

Wote hao wanatafuta riziki, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Tofauti imo ndani.

Hebu tuseme wawili kati yao ni mafundi wa cherehani katika kiwanda kimoja, wanaketi safu moja na kupokea mshahara mmoja. Asubuhi msimamizi anawakaripia mbele ya wenzao kwa sababu kola walizoshona zimepinda. Wa kwanza anajiambia moyoni, "Mimi nina mkosi. Kazi hii siiwezi, na huyu bwana ananichukia." Mikono yake inalegea. Anashona huku akitazama saa ya ukutani, na kufikia jioni ameharibu kola nyingine kadhaa. Kesho yake anachelewa, na kesho kutwa anasingizia ugonjwa.

Wa pili naye ameumia vivyo hivyo, maana asikudanganye mtu kwamba kukaripiwa mbele ya watu hakuumi. Lakini akishameza uchungu wake anajiuliza, "Kola hizi ziliharibikia wapi?" Anamwuliza jirani yake, anakagua mashine, na kugundua kwamba kitambaa cha leo ni chepesi kuliko cha jana na uzi umekazwa mno. Anaulegeza. Kola zinanyooka.

Je, wa pili ana akili nyingi kuliko wa kwanza? La. Ana mikono myepesi zaidi? La hasha. Wa kwanza aliposikia kosa alijihukumu nafsi yake, ilhali wa pili alilichunguza kosa lenyewe. Huo ndio moyo ninaouzungumzia. Wataalamu wa siku hizi huuita mtazamo chanya, lakini wahenga wetu waliujua zamani waliposema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tazama vizuri methali hiyo. Haisemi kwamba koleo haijavunjika, wala haimwambii mhunzi acheke kana kwamba hapana hasara. Inamwambia tu kwamba uhunzi haujaisha, kwa hivyo atafute koleo nyingine.

Kijana na simba

Iwapo unadhani haya ni maneno matupu ya gazetini, basi hatuna haja ya kwenda mbali. Kitengela imepakana na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, na upande wa kusini wa mbuga hiyo haukufungwa kwa ua. Simba hutoka humo usiku na kuingia katika maboma ya wafugaji. Huko ndiko alikolelewa kijana Richard Turere, ambaye habari zake zimeenea duniani kote.

Kama ilivyo desturi ya Wamaasai, Turere alikabidhiwa ulinzi wa ng'ombe wa baba yake akiwa mtoto mdogo. Hiyo ilikuwa kazi yake, na ilikuwa kazi nzito. Asubuhi moja familia iliamka na kukuta fahali wao, fahali pekee waliyekuwa naye, ameuawa na simba. Fikiria, msomaji, mtoto ambaye jukumu lake ni kulinda mifugo, na mfugo ulio na thamani kubwa umekufa zamu yake.

Kwanza alijaribu kuwasha moto. Badala ya kuwatisha simba, mwangaza ule ulikuwa kama kwamba unawasaidia kuona ndani ya boma. Akajaribu sanamu la mtu ili simba wadhani kuna mlinzi. Siku ya kwanza simba walikuja, wakaliona sanamu, wakarudi. Siku ya pili wakatambua kwamba kitu hicho hakisogei, wakaingia na kuua. Hivyo kijana alikuwa ameshindwa mara mbili.

Usiku mmoja alizungukazunguka boma akiwa na tochi mkononi, na usiku huo simba hawakuja. Hapo ndipo alipogundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akatafuta betri kuukuu ya gari, kile kidude cha pikipiki kinachofanya taa za kugeukia ziwake na kuzimika, swichi, taa za tochi mbovu, na paneli ya sola ya kuchaji betri. Akaziunganisha taa hizo kuzunguka boma, zikawa zinawaka na kuzimika kwa zamu hivi kwamba simba wakidhani kuna mtu anayetembea na tochi, ilhali yeye amelala kitandani. Ufundi huo hakufundishwa na mtu. Alijifunza mwenyewe kwa kufungua vyombo vya umeme, ikiwemo redio mpya ya mama yake, jambo ambalo mama huyo hakulifurahia hata kidogo.

Majirani waliposikia, wakamwomba awafungie taa kama zile. Mwaka wa 2013 alialikwa Marekani kueleza uvumbuzi wake kwenye mkutano mashuhuri wa TED, na kipawa chake kilikuwa kimempatia nafasi ya kusoma katika shule ya Brookhouse jijini Nairobi. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 2023, Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilimtambua katika tuzo zake za wavumbuzi vijana.

Sasa tumpime kijana huyo kama tunavyompima mfanyakazi yeyote. Moto uliposhindwa, angeweza kusema, "Simba ni simba, mtoto kama mimi atafanya nini?" Hakuna ambaye angemlaumu. Sanamu liliposhindwa, angeweza kusema ametimiza wajibu wake kwa kujaribu mara mbili. Lakini kila aliposhindwa alijifunza kitu. Sanamu lilimwonyesha kwamba simba hawaogopi kisichosogea, na tochi ikamwonyesha wanachoogopa.

Sikwambii haya ili nikupe picha ya mambo kunyooka yote. Juni 2012, katika Kitengela hiyo hiyo, simba sita waliuawa kwa mikuki baada ya kula mbuzi wa watu. Siwahukumu walioshika mikuki, kwa maana aliyepotewa na mifugo ndiye aujuaye uchungu wake. Lakini mkuki humaliza simba wa leo, na taa humfukuza hata wa kesho. Taa zenyewe nazo si dawa ya kila kitu. Utafiti uliofanywa kandokando ya mbuga hiyo na kuchapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba mashambulizi ya usiku yalipungua katika maboma yenye taa, lakini ya mchana, ng'ombe wakiwa malishoni, hayakuzuilika kwa taa. Kwa hivyo kazi bado ipo. Mtu mwenye moyo mwema kazini hafikirii kwamba ushindi mmoja umemaliza shida zote.

Milango inayofungwa

Pengine utasema simba ni mambo ya wafugaji, wewe kazi yako ni ya kuuza. Vyema. Hebu tumwangalie ajenti wa bima. Unamjua. Huyo kijana nadhifu mwenye mkoba wa makaratasi anayepita duka hadi duka, na sisi wengi tukimwona tunajifanya tumeshika simu. Hakuna kazi yenye kukataliwa kama hiyo.

Katika miaka ya 1980, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Martin Seligman, aliwachunguza mawakala wa kampuni ya bima ya Metropolitan Life. Alitaka kujua kwa nini wengi waliacha kazi mapema ilhali walikuwa wameteuliwa kwa makini na kufunzwa vizuri. Aliwapima kwa namna wanavyojieleza mambo yanapowaendea kombo. Ikaonekana kwamba nusu iliyokuwa na matumaini zaidi iliuza bima zaidi ya nusu nyingine kwa asilimia 37 katika miaka miwili ya kwanza ya kazi.

Walikuwa na siri gani? Hawakuwa na maneno matamu zaidi. Waliendelea kupiga simu. Ajenti anayejiambia "mimi sina bahati na watu" akikataliwa mara tano huona simu ya sita ni nzito kama jiwe la kusagia. Yule anayejiambia "mteja huyu alikuwa na haraka" hupiga ya sita, ya saba na ya kumi. Na katika biashara, aghalabu riziki huwa imejificha katika ile ya kumi.

Kwa hivyo siku utakaposhindwa, jiulize maswali matatu. Je, kosa hili linanihusu mimi mzima, au ni jambo moja tu nililolifanya vibaya? Je, litadumu siku zote, au ni la leo? Je, limeharibu kila kitu maishani mwangu, au ni hapa kazini tu? Utashangaa jinsi mzigo unavyopungua mtu anapoupima kabla ya kuubeba.

Kutumaini si kuota

Lakini sasa, mpenzi msomaji, tahadhari. Kuna watu wanaouza maneno ya kujipa moyo kama dawa ya maji ya mwarubaini. Watakwambia funga macho, jione katika gari kubwa, jione katika kiti cha meneja, na yote yatakujia. Usiwaamini.

Mtafiti mmoja wa Ujerumani, Gabriele Oettingen, akiwa na mwenzake, aliwafuatilia wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakikaribia kuhitimu na kutafuta kazi. Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa mwaka wa 2002. Wale waliokuwa na imani ya haki kwamba watapata kazi, walifaulu zaidi. Lakini wale waliozoea kujistarehesha kwa ndoto tamu za kazi watakazopata walituma maombi machache zaidi, wakapewa nafasi chache zaidi, na baada ya miaka miwili mishahara yao ilikuwa midogo zaidi. Ndoto iliwashibisha kabla ya chakula kuiva. Mtu aliyekwisha kula karamu akilini mwake huamka asubuhi na mapema kutafuta nini?

Kajiado inalijua jambo hili kwa uchungu. Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2020 mvua zilipungua msimu baada ya msimu, misimu mitano mfululizo, na mifugo wakafa kwa wingi katika sehemu kame za Kenya, Kajiado ikiwemo. Kwa mfugaji, ng'ombe si nyama tu. Ni benki, ni mahari, ni karo ya shule. Ndiyo maana ni vigumu mno kumwuza. Wapo waliosema "mvua itakuja tu," wakasubiri, na waliposhika njia kwenda mnada wa Bissil ng'ombe walikuwa mifupa mitupu ambayo hakuna mchuuzi aliyeitaka. Wapo pia waliopeleka baadhi ya mifugo sokoni mapema wakiwa wangali wanono, wakanunulia nyasi wale waliobaki. Wote wawili walikuwa na matumaini. Tofauti ni kwamba matumaini ya wa kwanza yalimketisha, na ya wa pili yalimwinua akashika fimbo.

Basi hicho ndicho kipimo ninachokupa leo. Ukitaka kujua kama moyo wako ni mwema au unajidanganya, uliza tu: umenifanya nifanye nini asubuhi hii? Iwapo jibu ni "hakuna," hiyo ilikuwa ndoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwalimu aliyeona wanafunzi

Ukiipita Kitengela na kuifuata barabara hiyo ya Namanga, utapita Isinya na kufika mji wa Kajiado. Huko kuna Shule ya Msingi ya Wasichana ya AIC, ambayo mwalimu mkuu wake kwa miaka mingi alikuwa Bi Priscilla Nangurai. Katika miaka ya 1980 na 1990, wasichana wengi wa sehemu hiyo waliachishwa masomo ili waolewe wangali watoto. Wengine walikuwa wameposwa hata kabla hawajazaliwa. Wengi walipomtazama msichana wa miaka kumi na miwili waliona bibi arusi. Bi Nangurai, ambaye mwenyewe ni Mmaasai, aliona mwanafunzi.

Kwa sababu ya kuona hivyo, kazi yake ilipita ile ya ubaoni na chaki. Shule ikawa kimbilio la wasichana waliotoroka ndoa, naye akalazimika kuzungumza na wazazi, machifu na maafisa wa serikali, huku akichukiwa na baadhi ya watu wa jamii yake. Angesema, "Mimi nimeajiriwa kufundisha, mengine hayanihusu," mshahara wake ungekuja vilevile mwisho wa mwezi.

Namtaja kwa sababu moyo wa mtu kazini haumhusu yeye pekee. Jinsi unavyowaona walio chini yako ndivyo utakavyowatendea, na jinsi unavyowatendea ndivyo watakavyofanya kazi. Msimamizi anayeamini kwamba wafanyakazi wake wote ni wavivu na wezi huwapekua, huwatukana, huwanyima nafasi ya kutoa maoni, na baada ya muda hupata hasa kile alichokitazamia: wavivu wanaoiba muda. Meneja anayeamini kwamba fundi wake ana akili humwuliza maoni kuhusu mashine anayoitumia kila siku, na huenda akaokoa gharama ambayo mtaalamu wa nje angemtoza pesa nyingi.

Na mwajiri je?

Najua kuna msomaji ambaye tangu mwanzo wa makala haya anatikisa kichwa. Anasema, "Ni rahisi kwako kuniambia niwe na moyo mkunjufu. Njoo usimame langoni saa kumi na mbili asubuhi pamoja nami, uambiwe leo hakuna kazi." Msomaji huyo ana haki, na sitamjibu kwa methali.

Moyo mwema haulipi kodi ya nyumba. Haukuzidishii nguvu ukiwa umefanya kazi saa kumi na mbili bila kula. Na mwajiri anayewaambia wafanyakazi "kuweni na mtazamo mwema" ilhali hajawalipa kwa miezi miwili anatumia neno zuri kufunika tendo baya. Kumwambia mtu atabasamu huku umemkanyaga mguu si ushauri bali ni dharau.

Tena, matumaini hayamfanyi mtu kuwa kondoo. Wenye umri watakumbuka mwanzo wa mwaka wa 2003. Rais Mwai Kibaki alikuwa ameapishwa tarehe 30 Desemba 2002, na uchunguzi wa maoni wa Gallup ukaonyesha Wakenya kuwa miongoni mwa watu wenye matumaini makubwa zaidi duniani. Wakati huo abiria wa matatu walithubutu kuwakabili polisi waliodai hongo barabarani. Na mwezi wa Januari mwaka huo huo, wafanyakazi wa viwanda vya EPZ, wakiwemo wale wa Athi River, waligoma kudai malipo na mazingira bora ya kazi. Aliyekata tamaa kabisa hagomi, huinamisha kichwa tu. Anayedai haki yake anaamini kwamba mambo yanaweza kuwa afadhali.

Kwa hivyo sehemu ya moyo mwema ni kujua haki yako. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inasema kwamba kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa mwezi. Inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 yenye malipo kamili baada ya kila miezi 12. Weka kumbukumbu za siku ulizofanya kazi katika daftari. Kama una malalamiko, yapeleke kwa chama cha wafanyakazi au afisi ya leba. Kunung'unika chooni na wenzako hakujawahi kumwongezea mtu mshahara.

Mambo ya kushika

Baada ya kuyasema hayo, ni nini unachoweza kufanya kuanzia kesho? Nitakutajia machache yasiyogharimu pesa.

Kwanza, kabla ya kulala leo usiku, chagua kazi moja tu utakayoanza nayo kesho. Hofu ya Jumapili jioni hunona kwa sababu kazi inaonekana kama mlima mmoja. Ukishajua utakapokanyaga hatua ya kwanza, mlima huo huanza kuwa njia.

Pili, geuza kila lalamiko kuwa swali. Badala ya "wateja wa siku hizi hawana pesa," uliza "ni kitu gani wanachonunua hata wakiwa na pesa kidogo?" Mama mboga aliyeanza kukatakata sukuma wiki na kuiuza kwa vifuko vidogo alijiuliza swali kama hilo, na akina mama wanaorudi kutoka Nairobi usiku, wamechoka hoi, wanamshukuru.

Tatu, tenganisha lililo lako na lisilo lako. Foleni ya Mlolongo si yako, saa ya kuamka ni yako. Hasira ya msimamizi si yako, ubora wa mshono ni wako. Nguvu nyingi hupotea tukipigana na mambo ambayo hayamo mikononi mwetu.

Nne, chagua unaoketi nao wakati wa chakula. Katika kila mahali pa kazi kuna meza moja ambapo kila anayezungumza anasema kampuni inafungwa, bosi ni mbaya, na hakuna aliyewahi kufaulu hapa. Ukiketi hapo mwezi mmoja, utaanza kuongea kama wao bila kujua. Hawa si watu wabaya, wengi wao wameumia tu. Wasalimie, uwasaidie unapoweza, lakini usile hapo kila siku.

Tano, na hili ni la sisi tulio na familia. Maneno ya mlangoni asubuhi hufika kazini kabla ya mwenyewe. Bwana anayetoka nyumbani akiwa ametukanwa kuhusu mshahara wake mdogo, na bibi anayeondoka akiwa ameambiwa biashara yake ya mitumba ni mchezo wa watoto, wote wawili watafanya kazi siku hiyo kwa nusu ya nguvu zao. Mambo ya pesa lazima yazungumzwe, lakini yana wakati wake, jioni, watu wakiwa wameketi na kushiba. Asubuhi agana na mwenzako kwa neno jema. Watoto nao wanasikiliza. Mtoto anayemsikia baba yake kila siku akiilaani kazi yake atakua akiamini kwamba kazi ni adhabu.

Mwisho, jipe pumziko, na ujue mpaka wa ushauri kama huu. Iwapo wiki zinapita na hupati usingizi, chakula hakikupendezi, vitu vilivyokuwa vikikufurahisha havikufurahishi tena, na asubuhi unaona afadhali usingeamka, hiyo huenda si shida ya mtazamo. Sonona ni ugonjwa kama malaria, na una tiba. Nenda hospitalini, mwambie daktari au muuguzi, na umwambie mtu wa nyumbani unayemwamini. Kutafuta msaada si udhaifu. Ni kile kile tulichokuwa tukisema tangu mwanzo, kwamba koleo ikivunjika mtu hutafuta nyingine.

Kesho alfajiri barabara ya Namanga itajaa tena. Msimamizi huenda akawa yule yule, na mshahara huenda usiongezeke wiki hii wala mwezi huu. Lakini fundi anayeuliza kosa liko wapi, badala ya kujilaani, atakuwa ametoka kazini jioni akijua jambo ambalo asubuhi hakulijua. Hilo hakuna atakayelikata kwenye mshahara wake, na siku atakapotoka Kitengela kwenda kutafuta kazi kwingine, ataondoka nalo.

Nakutakia Jumatatu njema wewe na jamaa yako. Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.